Mstari Alioumeza Saugenes

Mnasilas aliporudi mjini kwao Tanagra kutoka masomoni Thebai, alikuja na kinubi kipya, vazi lenye ukingo mwekundu, na sauti iliyopitia kwa mwalimu. Saugenes alimwona akikatiza sokoni, akasonya.

Yeye hakufunzwa na mtu. Mashairi aliyaokota mwenyewe, mikono ikiwa ndani ya pipa la kuloweka ngozi katika kiwanda cha baba yake. Alisikiliza nyimbo za harusi na za misiba, akazirudia mpaka mizani ikamkaa kifuani. Zamani watu walisema, "Kijana wa mtengeneza ngozi ana kipawa." Siku hizi walisema, "Umemsikia Mnasilas?" Hata mama yake alimwuliza hivyo huku akimpakulia dengu. Saugenes alisukuma bakuli, akatoka.

Mwaka huo Asopichos, tajiri wa mizabibu, ndiye aliyegharimia kwaya ya sikukuu ya mashujaa, wale waliokufa katika vita vya mtoni. Alitaka mtunzi. Basi akaalika vijana kwake jioni, jua bado lipo ukutani, wanywe divai na kupokezana tawi la mhadasi. Atakayemkosha ndiye atakayetunga wimbo wa kwaya.

Saugenes alijiosha kwa mafuta, akajisugua kwa majivu, akajiosha tena. Alipojilaza kwenye kitanda cha karamu, Ptollias, ambaye hakuna shughuli iliyompita wala mtu aliyeuponyoka ulimi wake, alivuta hewa puani.

"Jamani, nani kaingia na ng'ombe?"

"Ng'ombe ni wewe," Saugenes akajibu. "Tofauti yenu, yeye ngozi yake ina faida."

Wakacheka. Hata Mnasilas alicheka, tena kwa uzuri, bila chuki, na hilo lilimchoma Saugenes kuliko tusi.

Tawi likaanza safari. Aliyelishika aliimba mstari, kisha akamkabidhi amtakaye, na huyo alipaswa kuuendeleza kwa mizani ileile na kina kilekile. Ukishindwa, unakunywa kikombe cha divai iliyotiwa chumvi. Wawili walikwisha kunywa, wakatapika uani. Mnasilas alijibu kila alipopewa, macho nusu yamefumba, kana kwamba maneno yalikuwa yakimngojea mlangoni. Asopichos alitikisa kichwa kwa raha. "Ah, huyu! Huyu!"

Hapo tawi likamfikia Saugenes.

Mji mzima ulijua habari ya Thiodotos, baba yake Mnasilas. Alirudi kutoka vita vile bila ngao. Alisema aliitupa ili ambebe mwenzake aliyejeruhiwa, lakini mwenzake alimfia mgongoni kwenye kivuko, maji yakamchukua. Hakuna aliyeona. Na mtu aliyetupa ngao, Tanagra haimpi nafasi ya kusema barazani hadi afe. Mzee alikuwa akipita kando ya kuta, shingo imezama mabegani. Mbele ya mwanawe hakuna aliyelitaja jambo hilo.

Saugenes alisimama, akaimba polepole:

*Ngao mtoni yalala, yamlilia mwenyewe.*

Akavuka chumba, akamkabidhi Mnasilas tawi.

Vikombe vilitua. "We Saugenes," Asopichos alinong'ona, "huna adabu?"

"Ni mstari tu, mzee. Ajibu, au anywe chumvi."

Mnasilas alilitazama tawi. Rangi ilimtoka usoni, na kwa mara ya kwanza tangu arudi, Saugenes alishiba. Kisha Mnasilas akaimba, bila kugusa kinubi:

*Mikono iliiacha, mwenziwe ainuliwe.*

Saugenes alisikia nywele za mikono yake zikisimama. Ulikuwa mstari mzuri. Ulikuwa mzuri kiasi cha kumtia kichefuchefu, na mlango wake aliufungua yeye mwenyewe! Kabla hajameza mate, tawi lilikuwa mkononi mwake tena. Mnasilas alikuwa amelirudisha.

"Maliza," Mnasilas alisema.

Na mstari ukaja. Haukuja vipande vipande kama ilivyo kawaida; ulikuja mzima, umevaa, umejifunga mkanda. Saugenes aliuona ukikaa juu ya ile miwili kama paa juu ya kuta. Midomo ilianza kuutamka. Ndipo akaona kwamba paa lile lingekuwa la nyumba ya Mnasilas. Mzee Thiodotos angetembea katikati ya barabara, na mji ungesema, umemsikia Mnasilas?

Akafunga mdomo.

"Sina," alisema. Akanywa chumvi yote, asibakize tone, na Mnasilas akapewa kwaya.

Siku chache baadaye Mnasilas alimfuata kiwandani, akasimama kati ya ngozi zilizoanikwa bila kuziba pua.

"Ndugu yangu, ulikuwa nao. Niliona midomo yako."

"Nilikuwa nauma ulimi."

"Wimbo hauna mwisho. Nimejaribu kila namna, najiona natwanga maji. Nipe mstari, nitakutaja mbele ya watu wote."

"Mwalimu wako wa Thebai hakukufundisha kumaliza?"

"Saugenes, si kwa ajili yangu. Ni kwa ajili ya mzee."

"Toka. Unanizibia mwanga."

Siku ya sikukuu, mji ulijaa kwenye makaburi ya mashujaa. Mbuzi walikwisha kuchinjwa, maziwa na asali vimemwagwa ardhini. Saugenes alisimama nyuma kabisa, mikono kifuani, akiomba waimbaji wakosee. Hawakukosea. Waliimba habari ya ngao, wakaimba habari ya mikono, na wanawake wakaanza kufuta macho. Thiodotos alisimama peke yake pembeni, na watu wakaanza kumgeukia. Kisha ukaja mwisho aliouunga Mnasilas mwenyewe:

*Naye kwetu asifiwe, asifiwe, asifiwe.*

Saugenes aliguna kama aliyekanyaga mwiba. Asifiwe mara tatu! Hivyo ndivyo mtu anavyoziba tundu kwa matope!

Halafu sauti ya Ptollias, kubwa, ya kukejeli: "Maneno matamu. Lakini nani aliona?"

Mmoja akacheka. Wa pili akacheka. Thiodotos akaanza kuizamisha shingo yake mabegani, na Mnasilas, mbele ya kwaya yake, akafungua mdomo ukabaki mtupu.

Saugenes hakumhurumia. Angeapa kwa miungu yote kwamba hakumhurumia. Ila jibu lilikuwa kinywani mwake likimwunguza, na mpumbavu mmoja alikuwa amesimama pale akiuliza swali akidhani halina jibu. Akaimba, kwa sauti yote aliyokuwa nayo, kutoka nyuma:

*Na shahidi wake nani? Ni yale maji na mawe.*

Vicheko vilikatika. Waimbaji waliudaka mstari bila kuambiwa, wakaurudia, na watu wakaurudia, mpaka makaburi yakavuma. Wazee walimwendea Thiodotos, mmoja akamshika mkono, mwingine akamvika shada lake mwenyewe.

Mnasilas alikuwa akipunga mikono, akipaza sauti, "Si wangu! Huo si wangu, ni wa..." Lakini walikwisha kumwinua mabegani, na jina likamezwa na kelele.

Ptollias alimpiga Saugenes kofi la mgongoni, machozi yakimtoka. "Kumbe alikupanga huku nyuma ujibu! Kaniingiza mtegoni kabisa. Mjanja yule, mjanja! Wewe, umemsikia Mnasilas?"

Saugenes alijitoa mikononi mwake, akashika njia ya kiwandani. Mpaka lango la mji wimbo ulimfuata, na kila walipofika mstari wa mwisho, waliupandisha sauti.