Kigango cha Ubao wa Sabuni

Wanasema nimemkosea heshima Mwalimu Boga. Ndiyo, nimemkosea, na akinirudia na maneno yale yale nitamkosea tena kabla sijanywa chai. Lakini hao wanaonisema kisimani hawakuwapo, mimi nilikuwapo, kwa hivyo wakae chini wanisikilize.

Shule yetu hapa Changamwe ni ya kanisa, vyumba viwili vya udongo na makuti, na mwalimu mkuu ndiye huyo Boga. Ijumaa watoto huacha vitabu, wakafanya kazi ya mikono. Miaka yote hiyo kazi ya mikono maana yake ilikuwa kulima mihogo ya mwalimu, na sisi wazazi tulinyamaza kama mabubu. Mwaka huu wa arobaini na sita wakubwa wa misheni wakaleta amri: watoto wafundishwe kutengeneza vitu kwa akili zao wenyewe, kwa udongo, kwa mti, kwa chochote watakachokipata. Boga hakupenda, lakini angefanyaje? Akawaambia kila mmoja atengeneze kitu cha kwao, kitu anachokipenda, kisha wazazi waitwe kuja kutazama.

Binti yangu Jumwa yuko darasa la pili. Baba yake, Ngala, alichukuliwa Keya, jeshi la Waingereza, akapelekwa vitani Bama, ng'ambo ya bahari, na huko ndiko alikofia. Niliitwa ofisi ya serikali nikaambiwa mume wako hayupo tena, pole mama, unaweza kwenda. Basi. Hakuna maiti, hakuna kaburi, hata kifungo cha shati sikuletewa. Nilimwomba Boga tufanye ibada ya kumwombea, akanijibu tumngoje pasta. Pasta amekuja amekwenda, amekuja amekwenda, na ibada sijaiona. Jumwa hakulia. Aliniuliza tu, "Mama, sasa baba tutamsalimia wapi?" Nikamwambia ale, chakula kinapoa.

Basi aliposikia habari ya kitu cha kwao, akaenda dukani akaomba ubao wa sanduku la sabuni, akachukua kisu changu cha muhogo, na kila jioni akawa anakaa nyuma ya jiko akichonga. Nikimwuliza anachonga nini, ananiambia ni kazi ya shule. Sikumchimba zaidi. Tangu tupate habari za baba yake mtoto alikuwa kimya, kazi yake kukodolea macho mlango, na sasa nikawa namsikia akijiimbia huku vumbi la ubao limemjaa mapajani. Kisu kikawa butu hata muhogo hakikati. Nikasema potelea mbali, nitaazima kwa jirani.

Siku ya maonyesho tulikwenda wote na leso zetu za kutokea. Vitu vilikuwa vimepangwa juu ya mabenchi nje ya darasa. Wavulana walikuwa wamefinyanga ng'ombe na malori, msichana mmoja alishona mwanasesere wa matambara, tukacheka, tukasifu. Cha Jumwa kilisimama mwisho kabisa, kimeegemezwa ukutani. Urefu wake kama mkono wangu, kichwa cha duara, mwili bapa, umechorwa pembe tatu safu kwa safu zikatiwa makaa na chokaa, na shingoni kitambaa chekundu kimefungwa vizuri. Wazazi waliokuwa wakicheka wakanyamaza, kwa maana hapana Mgiriama asiyekijua kitu kile. Kilikuwa kigango. Wazee wa chama cha Gohu wakifa, ndugu zao huwachongea mti wa namna hiyo wakausimamisha, ili koma, roho ya marehemu, ipate pa kukaa, na walio hai wapate pa kumtilia tembo la mnazi na kumweleza habari za nyumbani. Jumwa alikuwa ameviona kwa bibi yake Kaloleni. Hakuna aliyemfundisha kukata pembe zile zikalingana vile, ni macho yake tu na mikono yake. Haki ya Mungu, niliona fahari hata machozi yakanilenga.

Boga akafika pale akasimama. Na yeye ni Mgiriama, msimwone na tai.

"Nani ameleta hiki?"

"Ni mimi, mwalimu," akasema Jumwa.

"Unajua ni nini?"

"Ni cha baba."

Hakuuliza neno jingine. Akamwambia anyoshe mikono, akamchapa viganja kwa fimbo, mbele ya wazazi, mbele ya ng'ombe za udongo, huku akihubiri kwamba hii ni ibada ya sanamu na kwamba shetani ameingia shuleni. Mtoto aliambiwa atengeneze kitu anachokipenda, akakitengeneza, na malipo yake ni hayo. Nilipenya kati ya watu nikaishika ile fimbo. Boga akaniambia Jumwa asikanyage shule tena mpaka sanamu lile lichomwe moto mbele ya kanisa zima. Kisha akakinyoshea kigango fimbo, kwa mbali, akamwamuru mtoto akibebe mwenyewe akiondoe. Na viganja vile vimevimba, mwanangu akakibeba mpaka nyumbani. Nilitaka kumsaidia akakataa.

Asubuhi yake akaja shemeji yangu Ruwa, kaka mkubwa wa Ngala. Ruwa si mtu wa kanisa, ni mgema, na mwenyewe ni mtu wa Gohu. Nilimpa kiti nikafurahi, nikajua leo nimepata mtu wa upande wangu.

"Shemeji, umetuletea balaa," akaniambia, hata kuketi hajaketi sawasawa. "Mtoto achonge kigango? Tena wa kike? Nani amempa ruhusa? Ngala hakuwa Gohu. Toa mbuzi tusafishe mji, na kitu hicho kiondoke hapa."

"Na tangu ndugu yako afe," nikamwuliza, "wewe umemfanyia nini?"

"Hakuwa Gohu. Tena alikuwa mtu wenu wa kanisa."

"Na kanisa linaniambia tumngoje pasta. Sasa mtu huyu ni wa nani, shemeji?"

Hapo hapo Boga naye akabisha hodi, kiberiti mfukoni, amekuja kuhakikisha kuni zangu ni kavu. Watu hawa wawili hawajasalimiana tangu Boga alipomwita Ruwa mlevi mbele za watu. Siku ile walisalimiana. Walipeana mkono kabisa, uani kwangu, wakakaa bega kwa bega, wakakubaliana kwamba ubao wa sanduku la sabuni ni hatari kwa mji mzima. Jumwa alikuwa amekaa mlangoni anasikia kila neno, na kigango chake kimeegemea ukuta kando yake.

Kisha wakagombana. Boga anasema kichomwe, Ruwa anasema hakichomwi, ukikitia moto utaua watu, kipelekwe porini kikaoze huko. Mmoja anataja Musa, mwenziwe anataja wazee wa kaya, na mimi nimesimama na mwiko mkononi. Nikasema, "Basi hapana haja ya kelele. Kile pale. Atakayekiinua kwa mkono wake ndiye atakayekifanya apendavyo, na mimi sitasema kitu."

Ruwa akasema yeye hakigusi bila mbuzi. Hilo nililitarajia. Nikamgeukia Boga.

"Mwalimu, wewe unatuhubiria kila Jumapili kwamba huo ni mti mtupu, hausikii wala hauoni. Kamata mti wako basi."

Akainuka. Akaenda mpaka pale, akaupeleka mkono, na mkono ukasimama hewani. Tuliuona sote, Ruwa akiwamo. Akaurudisha akajifutia kwenye suruali, akasema ni vizuri zaidi aliyekileta ndiye akichome, ili ajifunze.

"Jana pia hukukigusa," nikamwambia. "Ulimbebesha mtoto uliyetoka kumpiga. Wewe unakiogopa kuliko mimi, unakiogopa kuliko Ruwa, na woga wako ndio uliomchapa mwanangu. Jumatatu Jumwa atakuja shule. Ukimfukuza, Jumapili nitakileta kanisani nikisimamishe mbele, na nitakuomba ukishike watu wote wakiona."

Hayo ndiyo matusi yangu. Hayo ndiyo yanayozungumzwa kisimani. Boga aliondoka bila kuaga, na Ruwa akamfuata, mbuzi wake asimpate.

Jumatatu Jumwa alikaa darasani na hakuna aliyemwuliza. Na mimi siku hiyo nilichimba shimo nyuma ya jiko, nikakisimamisha kigango mwenyewe, nikashindilia udongo kwa kisigino. Nikamwambia, "Ngala, hapa ndipo." Mtu wa kanisa mimi, na nimesema hivyo, na sijutii. Nilijiona nimewashinda wote wawili.

Jumwa aliporudi nilimwambia njoo, mahali pa kumsalimia baba tumepapata. Alifika kwenye kona ya nyumba, akakiona, akafunga viganja vyake, akarudi ndani. Tangu siku hiyo hapiti upande ule. Akitumwa kuni huzunguka nyumba nzima. Kile alichokichonga akiimba, sasa anakikimbia, na waliomfundisha kukikimbia ni wazee wawili ambao hawakupata kumfundisha kitu kingine chochote.

Ijumaa wakafanya tena kazi ya mikono. Alirudi na ufagio wa njukuti za mnazi, umefungwa barabara, ncha zimekatwa sawa. Boga alikuwa amemsifu mbele ya darasa, akawaambia wenziwe waige mfano. Niliugeuza ule ufagio mikononi, nikatafuta hata pembe tatu moja, hata uzi wa rangi, sikuona kitu.

"Ni mzuri," nikasema. "Lakini mwanangu, kati ya vitu vyote, mbona ufagio?"

"Ufagio hauogopwi na mtu, mama," akanijibu, akavua sare yake akaikunja.