Kengele Iliyolia Mara Moja

Aune Korpela alipobonyeza kengele, Hortensia alikuwa jikoni na wifi yake Nelda, nywele mbichi, amevaa gauni la kushindia. Mezani palikuwa na nusu mkate na birika la chai.

"Nani tena huyo?" Nelda alinong'ona, akazima redio.

Hortensia alinyata hadi mlangoni akachungulia kitunduni. Jirani yao wa ghorofa ya juu alikuwa amesimama pale na koti lake la kanisani, amebeba mkate mtamu uliofunikwa kitambaa. Harufu ya iliki ilipenya hadi ndani. Ilikuwa Jumapili, saa kumi kamili.

Hapo akakumbuka. Jumatano, katika chumba cha kufulia, alikuwa amemwambia, "Njoo Jumapili saa kumi tunywe chai, nyumba ni yako." Kwao Chile hiyo ni adabu tu. Mtu huisema huku anaondoka, mwenzake hujibu "nitakuja," wala haji. Miaka mitatu Tampere, Ufini, na bado alikuwa hajajifunza kwamba Mfini akiambiwa saa kumi, huanza kujiandaa saa nane.

Na huyu alikuwa Aune, mtu pekee katika jengo zima aliyemfundisha Kifini, neno kwa neno, wakikunja mashuka.

"Si umfungulie," Nelda alisema.

"Nimpe nini? Nusu mkate?"

"Basi usipumue, wifi. Pua yako inapiga filimbi."

Nelda alijiziba mdomo kwa taulo, mabega yakimtikisika. Hortensia naye akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomuuma baadaye.

Kengele haikulia tena. Aune alingoja kidogo, akitazama viatu vyake, kisha akapanda ngazi taratibu na mkate wake.

Jioni Hortensia alipiga magoti kusali rozari, kama kila Jumapili. Hakufika mbali. Kila alipotamka "utusamehe makosa yetu," ulimi ulikuwa mzito. Akainuka, akavaa sweta, akapanda juu.

Aune alifungua mlango.

"Bi Aune, nilikuwa ndani."

"Najua. Redio ilizimika nilipobonyeza kengele."

Uso wa Hortensia uliwaka. "Nilikukaribisha kwa mdomo tu. Kwetu tunamwambia hivyo kila mtu."

"Kwa hiyo hukutaka nije."

Angeweza kujibu kwa adabu ya kwao. Maneno alikuwa nayo tele.

"Sikutaka," alisema. "Sikuwa na cha kukupa, nikaona haya. Halafu tukacheka, mimi na wifi yangu, wewe ukiwa umesimama pale. Hilo ndilo linaloniaibisha zaidi."

Aune alishika kitasa cha mlango.

"Mkate nimewapa majirani," alisema.

"Sikufuata mkate."

"Kesho niko kazini. Jumanne saa kumi nina nafasi."

Mlango ukafungwa polepole.

Nelda alikuwa akimngoja kwenye ngazi. "Amekusamehe?"

"Hakusema. Amesema Jumanne."

"Basi nitaazima nyama kwa rafiki yangu Eliana tuoke empanada, sambusa zetu za kwetu, tusije tukaumbuka."

"Usiazime kitu. Atakula tulicho nacho."

Hortensia aliketi pale pale ngazini, akauficha uso kwenye viganja. Nelda alitaka kutania, akaghairi, akaketi kando yake.