Visu Vinavyonolewa Kinyumenyume

Jana, usingizi wa baada ya chakula ulipompitia barazani, mzee Elinazi wa Usangi aliota mashine ya kukatia nyasi, ile ya kusukuma kwa mkono, imetoka stoo yenyewe ikaja kumwamkia.

"Shikamoo, baba," ilisema. "Tangu tumzike mama hujanigusa. Sina kinyongo, ila nina kutu."

Ilikuwa kweli. Mama huyo alikuwa Nakiete, mkewe, na ni yeye aliyekuwa akiisukuma. Nyasi za uani sasa zilimfika mzee kiunoni. Elinazi akaomba radhi, akakaa chini ainoe. Mashine ikamkumbusha sharti: visu vipakwe mafuta yenye mchanga, kisha vizungushwe kinyumenyume.

Basi anavizungusha. Nyasi zinarudi ardhini. Waombolezaji wanaingia kinyumenyume, wanarudisha uji vikombeni kwa adabu, wanaondoka na turubai lao. Mlango wa jikoni unafunguka, Nakiete anatoka, mzima, anauliza nani kachukua bakuli lake la mafuta.

Elinazi anajawa furaha. Anazidi kuzungusha. Ua unakuwa kanisa, nyasi zimeota kati ya mabenchi, Nakiete amevaa shela. Mashine inamwonya kwamba makali yamekwisha kutosha. Hasikii. Kanisa linakuwa gulio, na Nakiete ni msichana mwenye kikapu cha magimbi.

"Samahani, kaka," anamwambia. "Tunafahamiana?"

Elinazi akaacha kuzungusha.  Kisha akaanza kuvizungusha visu mbele, polepole, huku machozi yakimtoka: gulio, kanisa, ua, mpaka mlango wa jikoni. Hapo akavishika visu visiende tena.

Nakiete akainama, akamshika sikio kama alivyozoea akitaka asikilizwe.

"Baba Nietiwe, imeshanoleka. Sasa sukuma."

Elinazi akaviachia.

Alipofumbua macho, binti yake Nietiwe alikuwa amemletea chai. Alimwambia atulie kidogo, kisha akachomoa kitu nyuma ya sikio la baba yake. Ulikuwa ujani mmoja wa nyasi, umekatwa sawasawa kwa kisu kikali, ungali mbichi. Nietiwe alitazama ua wote uliosimama bila kuguswa, akamuuliza ameutoa wapi.

Elinazi aliupokea kwa mikono miwili, akauliza kama ndani kuna mafuta ya kunolea mashine.