Alivyo Lemayian

"Mwambie amweleze mumewe alivyo," alisema kwa Kiingereza Bwana Shauri, afisa Mzungu wa wilaya, akachovya kalamu kwenye wino.

Efraimu hakufasiri mara moja. Miaka yote ya ukalimani pale Boma la Arusha, neno hili la Kiingereza, "describe", lilimtatiza kuliko maneno ya sheria. Zamani, katika shule ya misheni, mwalimu alimwambia kwamba asili yake ni Kilatini, na huko maana yake ilikuwa kuandika. Efraimu, Mmeru aliyelelewa katikati ya migomba na kahawa, alicheka kimoyomoyo: Wazungu hata kusimulia kwao kumezaliwa na kalamu! Kwao mlimani mtu huelezwa kwa ukoo wake na aliyoyatenda.

Mbele yake alikaa Soila, mwanamke wa Kimaasai wa Kisongo, na mwanawe Naeku mgongoni. Kwenye kambi ya barabara udongo ulikuwa umemfukia kibarua mgeni ambaye hakuna aliyelijua jina lake, na alikwisha kuzikwa. Soila, ambaye mumewe hakuwa amerudi nyumbani, alikuja ili aambiwe kwamba siye wake.

Efraimu alimwuliza kwa Kimaa, taratibu, mumewe yukoje.

"Lemayian ni mrefu," alisema Soila. "Lemayian hucheka kabla hujamaliza maneno. Lemayian ana kovu chini ya sikio, alipigwa pembe na ndama angali mtoto. Huyo ndiye Lemayian."

Kwa watu wa Soila, mtu akifa jina lake halitamkwi tena. Efraimu alilijua hilo, na kila Soila alipolitaja jina, alimwona akimng'ang'ania mumewe asiende.

Alipofasiri habari ya kovu, kalamu ya Bwana Shauri ilisimama. Aliuliza ni sikio lipi. La kushoto. Akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu bila kumtazama mtu.

Soila hakungoja kufasiriwa. Alimfungua mtoto mgongoni, akampakata.

"Baba," alimwambia Efraimu, "niulizie alikozikwa baba yake Naeku."

Efraimu aliuliza. Bwana Shauri alijibu kwa sauti ya chini, kisha akairudia karatasi yake. Hakuwa mtu mbaya, ila kazi ni kazi. Akaomba atajiwe tena jina la marehemu, asije akawa amekosea.

Efraimu alifungua kinywa. Soila alikuwa akimtazama.

Akakifunga. Akainama juu ya meza, akaweka kidole kwenye karatasi, chini ya jina ambalo wino wake ulikuwa bado mbichi.