Alama Tatu kwa Beki wa Kushoto

Goli la pili lilipoingia, dakika ya themanini na nane, Sandra Croall alinirukia shingoni, na Eck Dunnett akatukumbatia sote wawili kwa mikono yake minene ya udereva wa basi. Tukaporomoka safu mbili za viti chini, juu ya watu tusiowajua. Mtu fulani alikuwa analia kwa sauti karibu na sikio langu. Carnbeath Rovers, timu yetu ya nyumbani, walikuwa wamecheza mechi tisa za Ulaya ugenini tangu baba yangu akiwa kijana, na hawakuwahi kushinda hata moja. Hii ilikuwa ya kumi, mjini Gent, Ubelgiji, na tulikuwa tunaongoza mbili kwa moja.

Nilinyanyuka, nikapangusa magoti, nikatazama benchi letu. Mwanangu hakuwapo. Nikasubiri furaha ije. Nilijua inakuja, maana nilikuwa nimeingoja miaka arobaini. Filimbi ya mwisho ikapulizwa, watu wakaimba, na mimi nikaimba. Mdomo ulikuwa unafanya kazi yake. Kifuani hapakuwa na kitu.

Struan Petrie ni mwanangu wa pekee. Ana miaka thelathini na moja, na kwa misimu kumi na miwili ndiye aliyekuwa beki wa kushoto wa Rovers. Siku hiyo winga wa Wabelgiji alimpita mara nne kabla ya nusu saa, na mara ya nne wakafunga. Mapumziko yalipokwisha, timu ilirudi uwanjani bila yeye. Nafasi yake aliingia Innes Tulloch, kijana wa miaka ishirini. Tukasawazisha. Krosi ya goli la pili ilitoka mguuni mwa Tulloch.

Asubuhi tulikaa kwenye mkahawa mmoja mkabala na stesheni, tukisubiri treni ya kwenda uwanja wa ndege. Nje kulikuwa na manyunyu. Eck aliagiza mayai ya watu wawili akayala peke yake, kisha akageuza tiketi ya mechi na kutoa kalamu. Huu ndio utaratibu wetu tangu tulipoanza kusafiri pamoja: kila baada ya mechi tunampa kila mchezaji alama, kumi ndiyo juu, na sharti wote watatu tukubaliane ndipo Eck aandike.

"Kipa," alisema Eck. "Nane."

"Nane ya nini?" Sandra alidakia. Yeye ni tarishi, na miaka ya kufukuzwa na mbwa wa watu imemfanya asiogope kubishana na yeyote. "Aliokoa mpira mmoja, tena ulimgonga. Hata mlingoti ungeokoa ule."

"Sasa Sandra, tumeshinda Ulaya, bado una uchungu?"

"Kushinda tumeshinda. Kucheza hatukucheza. Kipindi cha kwanza tulikuwa kama watu wanaotafuta miwani yao."

"Ndiyo, lakini cha pili! Mwalimu alisogeza viungo mbele, tukawabana..."

"Viungo gani wewe? Hakuna kiungo aliyesogea. Kilichobadilika ni kitu kimoja tu."

Eck alianza kuchora maua pembeni mwa tiketi. "Basi kipa tuseme saba. Beki wa kulia?"

"Sita. Na wa kushoto?"

"Tutamrudia," alisema Eck upesi.

"Kwa nini tumrudie? Sema jina lake, Eck. Baba yake yupo hapa anakula mkate, si kwamba amekufa."

"Sandra!"

"Mwache," nilisema. "Aseme."

Sandra alinigeukia. Alikuja hospitali siku Struan alipozaliwa, akamshika kabla ya mama yangu. "Murdo, nampenda kama wangu. Lakini jana yule winga alimpita kama mlango wa baa. Kuna mpira mmoja hata hakuukimbilia."

"Niliuona," nikasema.

Mwanamume mmoja mwenye skafu yetu, aliyekuwa meza ya nyuma, akajipenyeza katika mazungumzo bila kukaribishwa. "Mama kasema kweli! Kumtoa Petrie ndio ushindi wenyewe. Ningekuwa mimi, ningemtoa mwaka juzi."

Eck alisimama, na meza ikasimama naye kidogo. "Unajua unaongea mbele ya nani, wewe?"

"Kaa, Eck," nilisema. Kisha nikamwambia yule mtu, "Hujakosea."

Alitutazama mmoja mmoja, uso ukamwiva, akarudi kwenye kahawa yake. Nilijaribu kumkasirikia nikashindwa. Nilichoweza kufikiria ni kwamba mkate wa pale ni mgumu.

Hapo simu yangu ikaita. Alikuwa Struan. Timu ilikuwa imerudi kwa ndege mara baada ya mechi, na yeye alikuwa nyumbani kwake. Nikatoka nje, nikasimama chini ya paa la maegesho ya baiskeli.

"Umeamkaje, Baba? Kichwa kinauma?"

"Sikunywa sana. Wewe je?"

"Mzima. Baba, sikutolewa jana. Mimi mwenyewe nilimwambia mwalimu anitoe."

Nilihamishia simu sikio la pili.

"Ni nyonga. Mwezi wa nane daktari alinionyesha picha. Pale kwenye kiungo mfupa unasagana na mfupa. Nimekuwa nikichomwa sindano ili nicheze. Jana hata sindano ilikataa. Ijumaa klabu itatangaza. Nimemaliza, Baba."

"Mwezi wa nane," nilisema. "Na hukuniambia."

"Ningekuambia, ungekuja Ubelgiji kunitazama mimi. Nilitaka uje kutazama mechi."

Baiskeli zilikuwa nyingi, zimelaliana. Mwanamke mmoja alihangaika kuchomoa yake, nikamshikia nyingine kwa mkono mmoja ili apite.

"Ulishangilia lile la pili?" Struan aliuliza.

"Nilishangilia."

"Mimi nilikuwa chumba cha kubadilishia nguo, nimelala na barafu kiunoni, natazama kwenye runinga. Nilipiga kelele mpaka daktari wa timu akaja mbio akidhani nimevunjika." Alicheka, kicheko cha kweli kabisa. "Tumeshinda ugenini, Baba!"

"Umekula?" nikamuuliza. Ndilo neno nililolipata.

"Nitakula."

"Kula."

Niliporudi ndani, Eck, bila kunisubiri, alikuwa ameshawapa alama wachezaji kumi. Nafasi ya mwanangu ilikuwa tupu. Tulloch alikuwa na tisa.

"Nani huyo?" Sandra aliuliza.

"Struan. Anawasalimu."

"Yupo sawa?"

"Yupo sawa." Habari ilikuwa yake, aitoe mwenyewe. Nikavuta kiti. "Mpeni tatu."

"Tatu!" Eck alisema. "Mzee, hata Sandra alisema nne ulipokuwa nje!"

"Tatu. Hakuukimbilia mpira."

Sandra alinitazama, akaitikia kwa kichwa. Eck akaandika tatu, ndogo sana, pembeni.

Kwenye treni na kwenye ndege waliimba. Niliimba nao kila wimbo, nikakosea maneno ya mmoja nikachekwa. Nyumbani nilifua nguo, nikakata nyasi zilizokuwa zimelowa. Majirani walinipa mkono wa hongera nami nikapokea.

Ijumaa mchana tangazo lilitoka. Robo saa haikupita, Sandra akawa mlangoni na sare zake za posta, mfuko wa barua bado begani.

"Ulijua pale Gent?"

"Aliniambia kwenye simu."

"Ukarudi mezani ukampa tatu."

"Alicheza mpira wa tatu, Sandra. Angekuwa mzima tungempa tatu. Nikimpa saba kwa ajili ya nyonga, ndiyo nitakuwa nimemhurumia, na yeye hakutaka huruma. Ndiyo maana alinyamaza."

Sandra aliingia, akaweka mfuko chini, akakaa kwenye kiti ambacho Struan huwa anakikalia akija. Alilia kidogo, akafuta uso kwa mkono wa koti. Mimi nilimtengenezea chai. Mikono yangu ilikuwa imara, ilinishangaza jinsi ilivyokuwa imara.

"Jumapili basi ni Tulloch," alisema hatimaye.

"Ni Tulloch."

"Anapanda vizuri. Lakini kurudi nyuma hajui."

"Hajui kabisa," nilisema. "Wabelgiji walikuwa wamechoka, ndiyo maana hakuonekana. Akikutana na winga mwenye mbio utaona."

"Eck kampa tisa."

"Eck ni chizi."

Sandra akasogeza kikombe pembeni, akaanza kunionyesha kwa kijiko na bakuli la sukari mahali Tulloch alipokuwa amesimama wakati wa kona ya dakika ya sabini, na mahali alipopaswa kusimama. Nikavuta kiti karibu ili nione vizuri.