Ramani ya Kumrudisha Babu

Wanafunzi walimwita Mwalimu Skeli, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Kwa miaka kumi na tisa ya kufundisha Jiografia, kwake ramani isiyo na skeli wala mshale wa kaskazini ilifaa kufungia sukari tu.

Aliwapa kidato cha pili kazi ya kuchora njia ya kutoka nyumbani hadi shuleni. Alipofikia ramani ya binti wa dawati la nyuma, yule mpole asiyesikika mpaka aitwe, mwalimu alishika kichwa. Soko zima halikuwepo, lakini kinyozi alichorwa mkubwa kuliko posta! Pembeni binti ameandika: "Ukisikia cherehani, pinda. Mbwa huyu hang'ati. Ukiona mnara umekosea, rudi kwa kinyozi."

Akampa tatu kwa kumi, na chini yake akaandika kwa wino mwekundu: "Unamchorea nani?"

Ijumaa binti alisubiri wenzake watoke.

"Mwalimu, naomba nisiirudie. Nataka niende nayo hivi hivi. Ni ya babu."

Ndipo akaeleza, macho chini. Babu alikuwa fundi viatu, mtu wa kutembea mji mzima. Mwaka huu kumbukumbu zimeanza kumtoroka. Mara mbili ameletwa na majirani, mara ya pili akiwa na kiatu kimoja.

"Mama kanunua kufuli. Anasema babu akipotea tena, tukitoka tunamfungia ndani. Babu hawezi kukaa ndani, mwalimu. Atakufa huku anatuangalia."

Mwalimu alitaka kusema jambo la utu, lakini mazoea yana taabu. "Kaskazini lakini ungeweka," alisema, na njia nzima ya kurudi kwake alijilaani.

Jumatatu, kipindi cha tatu, mlinzi wa getini alichungulia darasani. "Mwalimu, una mgeni. Kaja na hasira zake."

Mzee aliingia, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, karatasi mkononi. Binti akaruka kutoka kwenye dawati.

"Babu! Umekuja na nani?"

"Na karatasi yako." Kisha akamgeukia mwalimu. "Wewe ndiye uliyempa mjukuu wangu tatu?"

Mwalimu akaweka chaki chini. "Ni mimi, mzee wangu."

"Basi wewe hujawahi kupotea."

Darasa liliangua kicheko, na Mwalimu Skeli naye akacheka, huku akifuta macho bila kujificha. Alimpa mzee kiti chake mwenyewe. Siku hiyo hakuna aliyefundishwa skeli.

Kengele ya mwisho ilipolia waliondoka watatu, mzee mbele. Penye soko mwalimu alikata kushoto, kwa kuwa ndiyo njia ya mkato. Mzee akamshika mkono wa shati.

"Unakwenda wapi? Cherehani hatujaisikia bado."

Waliisikia, wakapinda. Mbwa kweli hakung'ata. Kwa kinyozi mzee alisimama, akaangalia huku na huko, uso mtupu, na binti akafungua mdomo amsaidie. Mwalimu akamgusa bega, anyamaze. Mzee alifunua karatasi, akaifuata kwa kidole taratibu, kisha akashika njia.

Mama wa binti alikuwa amesimama mlangoni roho juu, jasho linamtoka, kufuli mkononi. Alikuwa amezunguka mitaa yote.

"Baba! Ulikuwa wapi?"

"Shuleni. Nilikuwa na shauri na mwalimu."

"Kaja peke yake, mama," mwalimu alisema. "Na kurudi, katuongoza yeye. Mimi nilitaka kupotea pale sokoni."

Mama aliichukua ile karatasi iliyokunjwakunjwa. Alisoma kinyozi, cherehani, mbwa. Alisoma na swali la wino mwekundu, na chini yake jibu la neno moja kwa mwandiko wa mtoto wake. Akakaa kwenye ngazi, akalia kidogo, akajipangusa kwa upande wa kanga.

Halafu akamnyooshea binti kufuli.

"Kafungie banda la kuku," alisema.