Vyuma vya Chini

Elkanah, fundi mwenzangu, alikuwa na tabia ya kupiga mluzi akichanganya simiti. Alikufa Sori mwaka wa themanini na tisa. Mwaka wa tisini na nne nikausikia mluzi huo Rangwe, saa nane mchana, jua likiwaka, ukitoka chini ya zege nililolimwaga mwenyewe.

Mimi ni fundi wa mawe, Mkuria. Shule nilisoma vipande vipande, darasa la pili hapa, la nne pale, basi. Nimejenga kutoka Migori mpaka Homa Bay na sijawahi kukaa mahali miaka miwili. Rangwe niliitwa na kanisa la Wasabato, wengi wao Wakisii waliohamia kule kulima na kuuza ndizi. Walitaka kipaa cha zege juu ya mlango wa mbele, kitokeze futi sita bila nguzo. Sababu ni desturi yao. Ibada ikiisha hawatawanyiki. Kila anayetoka anawapa mkono waliotangulia, kisha anasimama mwisho wa mstari, mpaka kanisa lote limeshikana mikono. Mvua ikija, mstari unalowa.

Mchoro aliuchora Frankline Arasa, mtoto wa Nyanchoka muuza ndizi. Alikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu Nairobi, akisomea uinjinia, na pale Rangwe hakuna aliyemwita kwa jina. Injinia, tuombee chakula. Injinia, maji ya kuoga tayari, hata mamake alisema hivyo. Alieleza watu kwamba yuko nyumbani kwa kuwa chuo kimefungwa, wanafunzi wamegoma. Miaka ile nani angebisha?

Nilipoufungua mchoro niliona vyuma vimewekwa upande wa chini. Nikamuuliza, kitu kilichoshikwa ukutani upande mmoja tu, vyuma si hukaa juu, zege linakopasukia? Akaikazia macho karatasi, akasema nifuate ilivyo. Mtu aliyeishia darasa la nne atambishia wa chuo kikuu na nini? Jumatatu tulimwaga zege, miti ikilishikilia kutoka chini. Jumanne mluzi ukaanza.

Sori pia niliuliza mara moja. Kilikuwa kipaa cha duka, na mkubwa wetu akaniambia nifunge mdomo. Nikafunga. Tulipogonga mti wa mwisho utoke, Elkanah alikuwa chini akiokota misumari.

Arasa alikuja kila mchana. Aliigusa ile miti kwa kiganja, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayempima mtoto homa. Chakula alichotumiwa na mamake alinipa mimi. Jumatano akaniuliza kama nasikia kitu. Nikainama kuokota mwiko.

"Mimi naisikia ikilia," akasema. "Kama mfupa unaopasuka."

Alhamisi akatoa barua ndani ya Biblia, akanisomea kwa Kiswahili. Alikuwa ameanguka karatasi mbili, sasa yuko kwenye probesheni. Septemba arudie mitihani, na akianguka hata mmoja, afungashe. Nikamwambia probesheni ninayoijua mimi ni ya wezi wa kuku. Akacheka kidogo, kisha akakunja uso tena. Karatasi moja ilikuwa ya zege, na swali lililomwangusha ni hili hili la kipaa. Kwenye mtihani aliweka vyuma chini. Tangu hapo amelirudia swali hilo mpaka analiota, jibu analijua, lakini alipochora cha kanisa mkono ulienda kule kule. Nilipomuuliza siku ile aliona kosa papo hapo. Akaogopa kwamba akikubali moja, wataanza kuuliza mengine.

"Fundi, sema ni wewe uliyevilaza vibaya," akaniambia. "Wewe ni mtu wa njia. Kesho uko Migori, nani atakukumbuka?"

Sikukasirika. Alisema kweli. Nikamhadithia habari za Elkanah, na ile misumari mkononi mwake tulipomtoa. Nikamwambia, "Mmoja nimembeba miaka mitano. Wa kwako umbebe mwenyewe."

Akaondoka bila kuaga.

Ijumaa Machuki, mzee wa kanisa, akaja na nyundo na waumini kadhaa. Mchungaji mgeni alikuwa anakuja kutoka Homa Bay kesho yake, mlango ulipaswa kupendeza, miti itoke. Nikasema zege halijakomaa, halina hata wiki.

"Wewe fundi ni wa kubeba mawe," Machuki akasema. "Injinia ndiye atasema."

Wote wakamgeukia Arasa, aliyekuwa amesimama kando ya miti. Nyanchoka alikuwa ameinama chini ya kipaa, akifagia ngazi. Mluzi ukanyamaza.

"Mama, toka hapo kwanza," Arasa akasema. Akangoja atoke. "Miti isiguswe. Hii kitu itaanguka. Nilikosea mimi, si fundi. Na chuo hakijafungwa. Nimeanguka mtihani."

Machuki akauliza mtihani gani. Arasa akaonyesha juu kwa kidole. Mtu mmoja akacheka, akajikohoza.

"Tangu lini?" mamake akauliza.

"Tangu Machi."

"Na umekuwa ukinyamaza kwa meza yangu." Akachukua ufagio, akaenda kufagia mlango wa ubavuni.

Sabato walitokea mlango huo, na mstari ukajipanga kando ya ukuta. Arasa alitoka wa mwisho, hivyo ilibidi awape mkono wote. Wengine walimpa ncha za vidole. Machuki alimpa mkono mzima huku akitazama barabara. Injinia hakuitwa na mtu. Mamake aliushika mkono wake, akasema, "Arasa," na hakuuachilia mara moja.

Mimi si wa kanisa lao, lakini walikuwa wamenivuta nikasimama mwisho. Alinipa mkono, kisha akapita kusimama upande wangu wa kushoto. Akaacha nafasi kati yetu, ya kumtosha mtu mmoja. Sikumwambia asogee.

Jumapili tulikibomoa kile kipaa, yeye akapiga nyundo ya kwanza. Vyuma vilikuwa chini, safi, kama tulivyovilaza. Akachukua kipande kifupi, akakitia begini pamoja na vitabu vyake. Mchoro mpya alimwachia Machuki, vyuma juu. Ya Septemba sikungoja kuyasikia.

Jumatatu nilishika njia ya Migori kwa miguu. Nilipolipita soko nikausikia mluzi ule ule nyuma yangu, mbali kidogo. Nikapunguza mwendo ili anifikie.